Plagini Umeweka, Reaper Haioni: Tuangalie Tatizo Liko Wapi

Sasa wasee, karibuni tena. Niko hapa Umoja, dirisha nimelifunga lakini matatu za hapa chini hazina habari kwamba narekodi, kwa hiyo mkisikia honi katikati mnisamehe. Leo nachambua sehemu moja tu ya Reaper, programu ya kurekodi na kutengeneza muziki kwenye kompyuta: ile inayotafuta plagini, yaani vile viprogramu vya ziada vya ala na sauti unavyoongeza ndani yake. Najua wengi mlitaka tuzungumzie miksi. Itakuja. Lakini swali linalojaza simu yangu ni hili: "Prodyuza, nimeweka Surge XT, mbona siioni?"

Surge XT, kwa asiyeijua, ni plagini ya bure ya sinthesaiza, yaani kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme. Zamani Surge ilikuwa ya kuuzwa, halafu mwaka 2018 mwenyewe akaachia msimbo wake wazi, na tangu hapo watu wa kujitolea wanaiendeleza. Nimeisakinisha kwenye laptopu hii ya Windows jana usiku. Tazameni: nafungua dirisha la FX, lile la kuchagulia plagini, naandika jina… hakuna kitu. Msiniandikie kwamba nimedanganya, tutafika.

Kwanza kisa kidogo. Juzi kijana mmoja alinibebea laptopu kutoka Kayole, anaapa kwamba plagini ameiweka mahali pake. Nikafungua folda, kweli nikakuta kitu. Kumbe amebandika humo faili la kusakinishia lenyewe, lile la .exe, hajalibofya hata mara moja. Hiyo ni kuweka pakiti ya unga mezani halafu unaita watu waje wale ugali. Tulicheka, lakini nawaambia si yeye peke yake.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Programu ya muziki haipekui kompyuta nzima. Ina orodha ya folda, inapita hizo tu, basi. Plagini za VST3, muundo ambao Steinberg, kampuni ya programu za muziki, waliutoa mwaka 2008, zina nyumba yake maalumu: diski C, Program Files, Common Files, VST3. Zikikaa hapo, karibu kila programu inazikuta. Shida kubwa ni zile za zamani, VST2, zinazoishia na .dll. Hizo hazikuwahi kuwa na nyumba moja. Kila msakinishaji alizitupa alipotaka, na ukiongeza zile ulizonakili kwenye flashi ya rafiki, unapata fujo kamili.

Kwenye Reaper, bonyeza Ctrl na P. Teremka mpaka palipoandikwa Plug-ins, halafu VST. Mnaiona hiyo orodha ya njia za folda? Ongeza folda yako hapo, halafu uiambie ichanganue upya, yaani izipitie folda tena. Mimi jana diski C ilikuwa imejaa sampuli za ngoma, nikajifanya mjanja nikaihamishia plagini diski D. Orodha haina D. Reaper ingejuaje?

Haya, naongeza D. Nachanganua… inapita… nafungua FX. Bado! Na hili ndilo nililotaka mlione kwa macho yenu. Reaper ina kumbukumbu. Plagini ikishindwa kufunguka mara moja, labda kwa sababu Windows ilikosa faili za Visual C++ inazozitegemea, inaandikwa kwamba imefeli. Ukija kuziweka hizo faili baadaye, uchanganuzi wa kawaida unaweza kuiruka tu, kwa sababu plagini yenyewe haijabadilika. Dawa yake ni lile chaguo la pili, la kufuta kumbukumbu na kuchanganua kila kitu upya. Nalibonyeza. Litachukua muda kama una plagini nyingi, nenda kachukue chai na mandazi. Lakini ukilijua hili, hutahitaji kufuta Reaper na kuirudisha kila wiki kama nilivyokuwa nikifanya mwanzoni.

Kuhusu biti 32, na sisemi biti ya kuimbia: plagini ya biti 32 ndani ya programu ya biti 64 ni lugha mbili tofauti. Cubase, programu nyingine ya muziki, iliachana na hizo za biti 32 tangu toleo la 9. Reaper kwenye Windows inajenga daraja na kuziendesha pembeni. Wengi wetu bado tuna vinanda vya zamani tunavyovipenda, kwa hiyo hapo naipa alama nyingi.

Mnaotumia programu ya FL Studio, najua ndio wengi hapa Nairobi: nendeni Options, Manage plugins, halafu muiambie itafute plagini. Ikipatikana, iwekeeni nyota ili ionekane kwenye vipendwa vyenu. Wa Mac mnaotumia Logic, programu ya muziki ya Apple, hiyo inasoma AU peke yake, muundo wa plagini wa Apple wenyewe. Mkipakua VST3 mtaisubiri mpaka mzeeke.

Kasoro za Reaper? Hilo dirisha ni baya kwa sura, kusema kweli. Limejaa maandishi madogo, na plagini ikifeli halikuelezi kwa lugha ya kueleweka imefeli kwa nini, unabaki kubahatisha. Mgeni wa kazi hii atalikimbia. Lakini kila swichi unayoihitaji iko mle ndani, na mimi napendelea fundi mchafu wa nguo anayejua kazi kuliko mtanashati wa kunipa pole. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, haijafungwa chochote, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, chini kidogo ya shilingi 8,000. Kwa uchanganuzi wa plagini peke yake naipa nane kwa kumi.

Oneni, Reaper imemaliza kuchanganua. Nafungua FX, naandika… ah, ngojeni. Haipo tena? Aa! Kisanduku cha kutafutia bado kina neno la zamani, "piano". Mnaona? Hata mimi. Nafuta, naandika Surge. Hiyo hapo, VST3i, yaani VST3 ya ala, Surge XT.

Ngoja niguse kodi moja (chord, noti kadhaa kwa pamoja) muisikie, kabla ile matatu haijarudi.