Lushoto hadi Irente kwa miguu: njia, saa nzuri na pa kuwa mwangalifu

Kutoka Lushoto mjini, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, mpaka ukingo wa Irente, mwamba wa kutazamia tambarare iliyo chini, ni kilomita tano hadi sita, na kwa mwendo wa kawaida ni saa moja na nusu hadi mbili za kupanda. Mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na ukingo haupiti hapo kwa mengi, kwa hiyo hakuna mlima wa kukata pumzi. Mwinuko ni wa taratibu. Mtoto wa miaka minane anaumudu, na mzee aliyezoea kwenda shamba hatauhisi kabisa. Wengi huchukua bodaboda mpaka mwisho, wakapiga picha na kurudi. Tunawashauri watembee angalau wakati wa kwenda, kwa sababu uzuri wa Irente umo njiani zaidi kuliko pale mwisho.

Jambo la kwanza ni saa ya kuondoka. Ukingo unatazama magharibi, juu ya tambarare ya Mazinde iliyo karibu mita 1,000 chini. Hewa yenye unyevu inapopanda mwambani hupoa na kugeuka ukungu, hivyo unaweza kuacha jua mjini ukafika ukakuta weupe mtupu. Asubuhi mapema ndiyo mbaya zaidi. Ukiondoka mjini saa mbili na nusu hivi, utafika saa nne na ushei, wakati ambao kwa kawaida ukungu umeanza kuinuka na jua bado liko mgongoni mwako. Alasiri jua linakupiga usoni na picha zinaunguzwa na mwanga. Ukiukuta ukungu, usigeuke papo hapo. Kaa nusu saa, maana hufunguka kwa vipande: kwanza reli na barabara kuu, kisha mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na mwisho nyika ya Umasaini inayoishia machoni.

Machi hadi Mei ni masika, na hapo njia hubadilika kabisa. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unateleza kama sabuni, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Viatu vya soli bapa havifai. Vaa vyenye meno, hata kama ni buti za shambani. Kiangazi shida ni vumbi la magari, pamoja na utando wa moshi na vumbi unaofifisha tambarare. Mandhari safi kuliko zote hupatikana siku inayofuata mvua, anga likiwa limeoshwa. Juni hadi Agosti beba sweta hata kama mjini kuna jua, kwani upepo wa ukingoni ni baridi.

Njia inatoka mjini kuelekea kusini magharibi na kupita vijijini upande wa Yoghoi. Kasoro yake kubwa ni njia panda. Usitegemee vibao; uliza "Irente ukingoni", kwa sababu ukisema "Irente" tu unaweza kuelekezwa shuleni au kwenye shamba la kanisa. Salamu itangulie swali, na mzee apewe shikamoo yake. Kwa barabara kuu hakuna haja ya mwongozaji. Ukitaka vijia vya mashambani, mchukue wa hapo Lushoto na mpatane bei kabla ya kuondoka.

Na mashamba hayo ndiyo ya kutazama kwa makini. Mteremko mzima ni viraka vya mahindi, maharage, viazi, kabichi na karoti, migomba ikiwa karibu na nyumba, mikaratusi na miwati juu kabisa. Katikati ya viraka utaona mistari ya majani marefu yaliyopandwa kukingama mteremko. Ni majani ya Guatemala, yaliyosambazwa sana Lushoto katika kampeni za hifadhi ya udongo za miaka ya 1980. Mizizi yake hushika udongo, majani hukatiwa ng'ombe. Kwa hiyo usikate njia ya mkato kwa kuruka mistari hiyo. Nyayo za wageni zikifuatana mahali pamoja hufanya mfereji, mvua inayofuata inaufuata mfereji huo, na shamba la mtu linashuka bondeni.

Kabla hujafika ukingoni kuna shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, lenye hifadhi ya miti na ndege. Chakula chake cha mchana ndicho tunachokipendekeza kuliko kingine njiani: mkate wa hapohapo, jibini, jamu, mboga mbichi na juisi. Agiza wakati wa kwenda, ule wakati wa kurudi. Ukitokea ghafla mkiwa wengi utasubiri sana. Maji usiyategemee njiani, beba lita moja na nusu kwa kila mtu. Beba pia noti ndogondogo za kiingilio cha ukingoni, kwa kuwa chenji ni tatizo.

Pale juu mwamba wenyewe umelainishwa na nyayo, na ukungu ukiulowesha unakuwa hatari. Simama hatua tatu nyuma ya ukingo, mshike mtoto mkono, na usirudi kinyumenyume ukitafuta picha. Hili halina mjadala.

Wanaotaka machweo wakumbuke kwamba jua likizama karibu saa kumi na mbili na nusu, giza linaingia ndani ya nusu saa, na barabara haina taa. Mpatane na bodaboda mapema aje kuwachukua, au mbebe tochi, maana mwanga wa simu hautoshi kuonyesha makorongo ya pembeni mwa barabara.