Christ Church Spitalfields au St Martin-in-the-Fields, lipi kali zaidi?

Yote mawili ni makanisa ya London na yote ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1700, ila ukiyatazama unaona kabisa vichwa vilivyoyabuni havikufanana.

St Martin ni kazi ya msanifu majengo James Gibbs, 1722 hadi 1726. Jamaa alisomea Roma kwa Carlo Fontana na inaonekana wazi, mbele kuna nguzo sita ndefu za Kikorintho, zile zenye majani yaliyochongwa kichwani, kama hekalu la Warumi wa kale, halafu mnara unachomoza kwenye paa nyuma yake. Mwaka 1728 akatoa kitabu cha michoro yake, mafundi wa Marekani wakaikopi, ndo maana kule makanisa kibao yana sura hiyo hiyo.

Christ Church sasa, hapo ndo mi nasimama. Ni la Nicholas Hawksmoor, 1714 hadi 1729, jamaa aliyejifunza kazi kwa Christopher Wren, yule msanifu wa kanisa kuu la St Paul's hapo London, na Roma hakuwahi kufika, alikuwa anaisoma kwenye vitabu na michoro tu. Angalia mlangoni: nguzo nne nene hazina nakshi, tao la nusu duara katikati, na juu yake mnara mpana kama ukuta, mawe meupe matupu, ukisimama chini yake unajiona mdogo kweli. La Gibbs ni zuri, silikatai, ila la Hawksmoor linakushika kifuani.

Na lilikaribia kupotea jamani, 1958 ibada zilisimama maana paa lilishakuwa hatari, ukarabati ukaja kuisha 2004.