Kalenga na Isimila: Ziara ya Siku Moja Kutoka Iringa Mjini

Mgeni anayekwenda Kalenga akitarajia ngome yenye minara na malango ya mawe atarudi akinung'unika, kwa kuwa Lipuli, ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilipigwa mizinga na kutekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na kilichosalia ni vipande vya kuta katikati ya kijiji ambacho watu wanaendelea na maisha yao. Anayekwenda kusikiliza atakiona kiingilio kuwa rahisi mno.

Makumbusho ni madogo, na mwenye haraka atayamaliza kwa dakika chache, asifanye hivyo. Mwongozaji alitupokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, akatusimamisha mbele ya fuvu la Mkwawa lililomo ndani ya kisanduku cha kioo, kisha akasimulia bila kusoma popote: kuanzia Lugalo, ambako mwezi Agosti 1891 Wahehe walikisambaratisha kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski na kumwua yeye mwenyewe, hadi Julai 1898, Mkwawa alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa kilikatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita, lakini ni mwaka 1954 tu ndipo Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alipolikabidhi fuvu hapo Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Huwezi kulitazama fuvu lile huku ukihesabu miaka hiyo ukabaki vilevile.

Isimila, yapata kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, ni jambo jingine kabisa. Hapo palikuwa na ziwa ambalo lilikauka, na maji ya mvua yakachimba makorongo yaliyofichua zana za mawe zinazokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Yako mashoka ya mkono yaliyochongwa pande zote mbili, na ukiruhusiwa kushika moja utashangaa jinsi linavyokaa vizuri kiganjani na jinsi lilivyo zito. Kisha unateremka kwenye korongo lenye nguzo ndefu za udongo na mchanga, nyingine zikiwa zimebeba mawe vichwani kama wachuuzi waliobeba ungo. Nenda asubuhi au alasiri, maana saa sita jua huingia mle chini bila huruma, na wakati wa masika njia huteleza. Kandambili ziache nyumbani.

Usafiri ndio ulionikera. Dereva tuliyemkodi mjini alikubali bei ya kwenda na kurudi, kisha akadai pesa ya kusubiri kila tulipotoka mahali. Patana naye mapema kuhusu muda wote, na umweleze kwamba Kalenga iko barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha wakati Isimila iko upande wa Mbeya, hivyo lazima mrudi mjini katikati ya safari. Mimi ningeanza na Isimila kabla jua halijakolea. Mwenye gari lake na siku ya ziada asiishie Kalenga. Aendelee na barabara hiyohiyo ya Ruaha mpaka Mlambalasi, alikofia Mkwawa.