Pampu ya mkono ya kufyonza oili: nyota nne kati ya tano

Mwenye boti ya injini ya ndani anaijua adha hii: nati ya kumwagia oili iko chini kabisa, na hata spana ikiifikia, hakuna nafasi ya kuweka beseni. Oili ikimwagika humo inaingia kwenye ngama, yaani chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, na siku pampu ya ngama ikiwaka inatoka nje pamoja na maji. Ndiyo maana oili hutolewa kwa juu, kupitia tundu la kijiti cha kupimia.

Pampu ninayoisifu haihitaji umeme. Ni tangi la plastiki la lita 6, mpini juu yake, na mpira mwembamba. Unavuta na kusukuma mpini mara kadhaa, hewa inatoka tangini, kisha oili inapanda yenyewe.

Injini ipashwe moto kwanza. Oili baridi ni nzito, na kwa mpira mwembamba hivi utakaa hapo hadi uchoke. Tena joto linatibua masizi, yanatoka pamoja na oili badala ya kubaki yametulia chini. Zima injini, ngoja kidogo oili iteremke, halafu ingiza mpira taratibu mpaka uguse chini. Ukiulazimisha unajikunja, mdomo unageukia juu na kuvuta hewa. Utaisikia: tangi linakoroma na mapovu yanakimbizana ndani ya mpira. Uvute nyuma kidogo, uzungushe, na oili nyeusi inarudi.

Wapo wanaoilaza boti majira ya baridi na kungoja kubadilisha oili hadi baridi ipite, eti oili mpya isikae bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Oili iliyotumika imebeba maji ya mwako, asidi na masizi, na ukiiacha, hayo yote yanashinda juu ya beringi miezi yote ambayo injini haizunguki. Oili safi ikikaa ndani ya injini iliyozimwa haipungukiwi na kitu cha maana. Weka mpya na filta mpya kabla ya kuilaza boti, kisha washa dakika chache ili ienee kila mahali. Mimi huutumia mwasho huo huo kupitisha dawa ya kuzuia kuganda kwenye njia ya maji ya nje yanayopoza injini. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bloku ya chuma hupasuka. Chukua dawa ya propilini glaikoli. Ile ya ethilini glaikoli ni sumu, na mwisho wa yote itatokea kwenye ekzosi na kuingia majini.

Kitu kingine ninachokipenda ni kwamba plastiki ya tangi inapitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya oili unaiona papo hapo. Nyeusi kwa dizeli ni kawaida. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia: huenda ni gasketi ya silinda hedi, huenda ni kipoza oili. Ukiligundua hilo kabla ya baridi, una msimu mzima wa kutengeneza. Ukingoja, utaligundua wakati wenzako wameshashusha boti zao, na kutu imekwisha fanya kazi yake.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya mpira. Hauna kizibo, na ukiuchomoa unadondosha oili kila unapopita, kwa hiyo kuwa na kitambaa mkononi. Pia pampu haimalizi oili yote. Linganisha kiasi kilichomo tangini na kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, ukikumbuka kwamba nyingine imo ndani ya filta. Pengo likiwa kubwa, mpira haukufika chini.

Kwa oili ya giaboksi inafaa vilevile, mradi mpira upite kwenye tundu lake. Petroli usiivute nayo kabisa, mvuke wake hulipuka.