Uzoefu wangu: kubadilisha beringi za tairi la mbele

Pikipiki yangu ya cc 125 hupita kila wiki kwenye barabara ya kutoka Morogoro mjini kwenda Mgeta, ambayo wakati wa masika huwa tope na mashimo yaliyojaa maji. Tairi la mbele lilipoanza kucheza, nilimpelekea fundi wa kando ya barabara, naye akaingiza beringi mpya (kila moja ni pete mbili, ya ndani na ya nje, zenye gololi katikati) kwa kuzigonga nyundo kwenye pete ya ndani. Hazikumaliza wiki 5. Nguvu ya nyundo ikipigwa pale hupitia kwenye gololi, na njia zinamozunguka gololi hupata vishimo kabla tairi halijazunguka hata mara moja.

Fundi wa pili ndiye ninayeandika habari zake hapa, kwa sababu kazi yake ilinipa imani. Alianza kwa kuisukuma kando kidogo bushi ndefu, yaani bomba linalotenganisha beringi mbili, iliyo katikati ya habu (kitovu cha tairi), akapata mdomo wa pete ya ndani, kisha akagonga kwa fimbo ya chuma huku akihama pande zote ili beringi itoke bila kupinda. Aliniambia niingize kidole na kuizungusha: ilikwaruza kama yenye mchanga, na maji ya rangi ya kutu yakanichuruzikia mkononi.

Beringi mpya zilikuwa za namba 6301 zenye alama ya 2RS, yaani zenye sili (vizibo) za mpira pande zote mbili. Kwa njia zetu za tope nazipendelea kuliko zile za kifuniko cha bati. Alikuwa ameniagiza nizilaze kwenye friza usiku kucha. Habu akaizungushia kitambaa kilicholowa maji yaliyochemka, kwa kuwa alumini hutanuka kuliko chuma, na beringi ikaingia kwa kugongwa kidogo tu, kupitia soketi kubwa ya spana iliyokaa sawasawa juu ya pete ya nje. Baada ya ile ya kwanza kufika mwisho, alirudisha bushi, akaingiza ya pili hadi ilipoigusa bushi, akaishia hapo. Nilimuuliza kwa nini asiikandamize zaidi. Akanijibu kwamba ikipitiliza, pete za ndani husukumwa upande, tairi huzunguka kwa uzito na beringi hufa mapema. Bushi ikisahaulika, kukaza nati ya ekseli (chuma kinachopita katikati ya tairi) huleta madhara yale yale.

Nililipa shilingi 10,000 za ufundi, mbali na beringi. Lawama yangu ni moja: hana akiba ya sili za vumbi za habu, hivyo ilinibidi nitembee madukani karibu saa nzima huku pikipiki ikiwa imefunguliwa. Anayekwenda kwake anunue sili pamoja na beringi, maana sili iliyochanika hupitisha maji. Nimeshakwenda kilomita 4,100 tangu siku ile, na jana nilipoinua tairi na kulitikisa, halikucheza.