Prosesa mpya kwa kompyuta kuukuu ya gemu: ipi inunue, ipi iache

Gemu ikianza kukwamakwama, wa kwanza kusingiziwa ni prosesa. Kabla hujatoa hela, fanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Ingia kwenye gemu inayokusumbua, zima kikomo cha fremu na V-Sync (inayozuia fremu zisizidi kasi ya skrini), simama mahali penye vurugu nyingi, tuseme katikati ya mji uliojaa watu, kisha andika fremu kwa sekunde unazopata. Shusha resolusheni kutoka 1080p hadi 720p, urudi palepale. Fremu zikipanda sana, iliyoelemewa ni kadi ya grafiki, na prosesa mpya haitakufaa kitu. Zikigoma kupanda, hapo ndipo tunaanza kuzungumza.

Usiamini sana ile namba kubwa ya jumla ya asilimia ya prosesa kwenye Task Manager ya Windows. Prosesa yenye nyuzi 16 (njia za kufanyia kazi kwa wakati mmoja) inaweza kuonyesha 25% huku gemu inakata, kwa sababu mzigo mkubwa umeangukia kore moja (kitengo cha kazi ndani ya prosesa) na zilizobaki zinaitazama tu. Tazama kadi ya grafiki: ikikaa 97% na zaidi, ina kazi ya kutosha. Ikishuka hadi 60% wakati uleule fremu zinapoanguka, ujue inaisubiri prosesa.

Jingine, skrini yako ni ya Hz ngapi, yaani inabadili picha mara ngapi kwa sekunde? Fremu 60 kwa sekunde zinaipa prosesa milisekunde 16.7 kuandaa kila moja. Fremu 144 hazifikishi hata 7. Mwenye skrini ya Hz 60 anayepata fremu 90 bila kuyumba hana sababu ya kununua chochote, hata kama prosesa yake ni ya enzi zile.

Kama bado una haja, mimi ningepanga hivi.

1. Una madabodi ya AM4: badilisha prosesa peke yake

Hapa ndipo hela inapozaa kuliko kwingine kote. AM4 ni soketi ya AMD, yaani tundu la kuchomekea prosesa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta). AMD walianza kuuza prosesa za Ryzen za soketi hii mwaka 2017, na miaka mitano baadaye bado walikuwa wanatoa prosesa za kuingia humohumo. Mwenye Ryzen 5 1600 anaweza kuweka Ryzen 5 5600 au Ryzen 7 5800X3D, zote za 2022, akabaki na RAM zake za DDR4. Bei ya RAM ilivyopaa tangu mwishoni mwa 2025, hiyo pekee inatosha kukufanya ubaki AM4. Tena 1600 haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, lakini 5600 imo.

Kati ya hizo mbili, wengi wachukue 5600. Ina kore 6 na nyuzi 12, inakula wati 65, na hailazimishi kubadili pawa saplai. X3D ina kashe ya MB 96 badala ya 32, kwa hiyo kore zinapata data nyingi karibu yake bila kuikimbilia RAM kila mara. Gemu za kuendesha ndege, za kujenga miji na zile za mtandaoni zenye wachezaji wengi zinafaidi sana hapo. Ila kadi ya grafiki ikiwa ya kawaida, hutaona tofauti uliyoilipia. Ukikutana na 5700X3D ya 2024 kwa bei nafuu, kashe ni ileile, kasi imepungua kidogo tu.

Sasisha BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta) wakati prosesa ya zamani ingali ndani. Madabodi za A320, B350 na X370 zilikuja kukubali Ryzen 5000 baadaye, kwa BIOS mpya, na kila modeli ina toleo lake. Fungua ukurasa wa madabodi yako, tafuta orodha ya prosesa inazokubali, soma namba ya toleo.

Halafu kuna kung'oa. Mara yangu ya kwanza nilivuta feni na chuma chake cha kupoza moja kwa moja kwenda juu. Grisi ilikuwa imekauka kama gundi, prosesa ikachomoka nayo huku soketi imefungwa, pini tatu zikalala. Niliziinua moja moja kwa ukingo wa kadi ya benki, jasho linanitoka. Siku hizi nacheza gemu dakika kumi grisi ilainike, nazima, nachomoa waya wa umeme, kisha nakizungusha chuma kushoto na kulia mpaka kiachie chenyewe.

2. Kipande cha pili cha RAM

Si prosesa, najua. Lakini kompyuta yenye kipande kimoja cha GB 8 inainyima prosesa nusu ya njia ya kupitishia data. Weka viwili vinavyofanana, washa XMP kwenye BIOS (mpangilio unaoifanya RAM ikimbie kwa kasi iliyoandikiwa), rudia lile jaribio la mwanzo. Huenda safari yako ikaishia hapa.

3. Una LGA1700 yenye prosesa ndogo

Hii ni soketi ya Intel. Kutoka i3-12100 kwenda i5 ya kizazi cha 13 au 14 ni hatua nzuri. i7 na i9 zilizotumika za vizazi hivyo viwili nazikwepa: mwaka 2024 Intel walitoa marekebisho ya volti iliyokuwa inaziharibu, na marekebisho hayo hayaponyi iliyokwisha kuumia.

4. Kuanza upya

Madabodi, prosesa na RAM kwa mpigo. Kwa wenye Intel ya kizazi cha 4 hadi cha 7, hii ndiyo njia, ingawa inauma. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, inapokea RAM za DDR5 tu. Kadi ya grafiki, diski na kasha vinahama nawe.

5. i7 kuukuu kwa madabodi kuukuu

Kutoka i5-6500 kwenda i7-7700K unapata nyuzi 8 badala ya 4, lakini kore zinabaki nne. Kila mwenye madabodi ya aina hiyo anaitafuta hiyohiyo, ndiyo maana wauzaji wanairingia. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali 7700K haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Kama hupewi karibu na bure, pita. Na muuzaji akikuletea i5-8400 akisema soketi ni LGA1151 ileile, jina kweli ni lile, lakini kwenye madabodi yako ya H110 au B250 haitawaka.