Cervélo P2 ya mtumba: ipime kabla hujaipenda

Ukitafuta baiskeli ya traiathloni (kuogelea, baiskeli, kukimbia) ya kaboni ya mkono wa pili, iwe Arusha au Moshi, jina la Cervélo P2 halichelewi kutajwa. Kwa zaidi ya miaka kumi Cervélo ndiyo iliyoonekana kwa wingi kuliko zote kwenye mashindano ya dunia ya Ironman kule Kona, Hawaii, kwa hiyo zilizotumika zipo tele. Fremu ni nzuri, na stemu yake, kile kipande kinachoshika usukani, ni ya kawaida: ukitaka fupi au ndefu unabadilisha tu. Mnunuzi huharibu mambo pale anapouliza saizi, akajibiwa 54, akatoa hela.

Pima mwenyewe. Simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyonyooka, gurudumu la nyuma liguse ukuta. Chukua futi: sakafuni hadi katikati ya ekseli ya krenki, halafu sakafuni hadi mdomo wa juu wa bomba linaloshika foko. Toa, umepata kimo cha fremu. Kisha ukutani hadi ekseli ya krenki, na ukutani hadi katikati ya mdomo ule ule. Toa tena, umepata urefu wa mbele. Tumia timazi ya fundi ujenzi. Jicho hudanganya hata sentimita mbili, na sentimita mbili hapa ni saizi nzima. Linganisha na baiskeli ambayo tayari inakukaa vizuri. Fremu yenye kimo kifupi inaponyeka, unapachika vipande chini ya mito ya viwiko. Iliyo ndefu kupita mikono yako iache, hata kama inang'aa.

Sasa ipande, ikiwa imefungwa kwenye stendi ya mazoezi. Siti ianzie urefu wa mguu kwa ndani, kutoka kinena hadi sakafuni, mara 0.883, ukipima toka ekseli ya krenki hadi juu ya siti. Teremsha timazi kwenye pua ya siti: baiskeli ya barabara huiweka nyuma ya krenki sentimita 5 hadi 8, lakini hii inatakiwa karibu zaidi, mara nyingi 0 hadi 5. Anayeirudisha siti nyuma ili "ajinyooshe" anabana nyonga, paja linagonga tumbo, na akishuka kukimbia miguu inagoma. Kanyaga dakika 15 ukiwa umelala kwenye mito. Kiwiko kikunje kama nyuzi 90 au zaidi kidogo, mkono wa juu ukaribie kusimama wima. Ukijikuta unateleza kila mara kwenda kwenye pua ya siti, mito iko mbali. Mabega yakipanda masikioni, iko chini mno au umejibana.

Kaboni yenyewe ikague ikiwa imeoshwa. Gonga kwa sarafu ya shilingi 200 taratibu kuzunguka ekseli ya krenki, nyuma ya foko na pale siti inapobanwa; mlio mkavu ukigeuka ghafla kuwa mzito, hapo pana jambo. Mchirizi wa rangi na ufa ni vitu viwili: pitisha ukucha, kisha bonyeza kwa kidole gumba. Pakibonyea, ondoka. Chomoa bomba la siti mbele ya muuzaji. Umbo lake ni la fremu hiyo tu, na likiwa limeganda halina mbadala dukani. Fungua pia ncha ya tepu ya usukani. Jasho la chumvi huingia humo miaka na miaka, na unga mweupe kwenye alumini maana yake imeanza kulika. Wengi hawafungui tepu, na usukani ukikatika hakuna wa kumlaumu.

Fahamu na mwaka. P2 za miaka ya 2000 zina beringi za krenki za kufunga kwa nyuzi kama skrubu, kazi ambayo fundi yeyote mwenye spana yake anaiweza. Kizazi kilichoanza 2014 kina beringi za aina ya BBright, za kugongwa bila nyuzi, na zikianza kulia zinataka vifaa maalum. Saizi 48 ya zamani ina magurudumu ya 650c, rimu ya 571 mm. Tairi la inchi 26 la baiskeli ya mlimani ni 559 na haliingii kamwe. Iache, labda uwe na mtu wa kukuletea tairi.

Kwa barabara ya Arusha hadi Moshi, jambo la kwanza ni breki. Gia ziko kwenye ncha za mirija ya mbele unayoshika ukiwa umelala kwenye mito, breki ziko kwenye usukani wa nje. Kati ya Tengeru na Usa River, penye matuta na daladala zinazosimama bila taarifa, hulali kwenye mito. Jaribu kuhamisha mkono kwenda breki bila kutazama, mara kumi.

Nyingi huja na meno 53/39 mbele, na 25 ndiyo kubwa nyuma. Kupanda kutoka Moshi kuelekea Marangu na 39/25 ni kujitesa. Badilisha mbele iwe 50/34. Derela (kihamisha mnyororo cha nyuma) fupi la gia 10 la Shimano kwa kawaida linabeba 27 au 28 nyuma, usiongeze zaidi.

Agiza tyubu za Presta, yaani za mdomo mwembamba, zenye mdomo mrefu, 60 mm au 80 mm kulingana na kina cha rimu, kabla hujaleta baiskeli nyumbani. Zinazouzwa mitaani ni za mdomo mnene, na tundu la rimu hizi haziliingii.